Mwongozo Kamili: Kuhudhuria Kongamano la Protini za Ishara za Seli

Mchoro wa vitabuni wa ishara za seli, yaani namna protini zinavyopitisha ujumbe ndani ya seli, huonyesha kipokezi kwenye utando wa seli, chini yake protini ya Ras, kisha Raf, MEK na ERK, na mishale ikishuka hadi kwenye kiini bila kikwazo. Kongamanoni mchoro huohuo hufumuliwa. Mtu husimama mbele ya ukumbi kutetea mshale mmoja tu: kwamba kinasi fulani (kimeng'enya kinachopachika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kuiwasha au kuizima) huigusa protini fulani yenyewe, si kupitia nyingine, kwamba hilo hutokea dakika ya 5 na si saa ya 6, kwamba hutokea hata katika seli ambazo hazikulazimishwa kutengeneza protini hiyo kwa wingi. Anayekwenda akidhani atafundishwa mchoro hurudi na mfuko wa kalamu za bure. Maelekezo haya ni ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au mtafiti chipukizi, anayetaka kurudi akijua mishale ipi ya kuamini, na wa kwake umesimama wapi.

Kuchagua mkutano

Angalia ukubwa kabla ya jina. Mkutano wa maelfu ya watu huwa na vikao vingi vinavyokwenda sambamba. Utaona upana wa fani na kukutana na wauzaji wa kingamwili na mashine, lakini unaweza kumaliza siku nne bila kuongea na mtu yeyote zaidi ya dakika mbili. Mkutano wa watu 100 hadi 200 hutumia ukumbi mmoja, na waliohudhuria hula pamoja. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye bango la matokeo yake mkononi, mdogo ni bora, hata kama jina lake halijulikani sana.

Gordon Research Conferences, zilizoanza mwaka 1931, ni mfano wa mikutano ya namna hiyo. Mada huwasilishwa asubuhi na jioni, mchana huachwa wazi kwa mazungumzo, na mshiriki huomba nafasi kwanza badala ya kulipa tu na kuingia. Baadhi yake hutanguliwa na Gordon Research Seminar, kikao cha wanafunzi na watafiti waliomaliza uzamivu karibuni. Kama mkutano unaoutaka unacho, nenda, kwa sababu huko ndiko maswali ya msingi huulizwa bila aibu. Keystone Symposia, Cold Spring Harbor, EMBO na FASEB nazo huandaa mikutano ya ishara za seli.

Baada ya hapo soma programu ya mara iliyopita, jina kwa jina. Neno "ishara" limebeba mambo mengi: vipokezi vinavyofanya kazi na protini G, ambavyo jeni zake kwa binadamu ni karibu 800, kinasi, ambazo jeni zake zinazidi 500, ubikwitini (protini ndogo inayobandikwa kwenye nyingine, mara nyingi ili zivunjwe), lipidi, kalisi. Anayeshughulika na vipokezi vya protini G anaweza kukaa wiki nzima kwenye mkutano wa kinasi za tairosini (zinazopachika fosfeti kwenye amino asidi hiyo) asipate hata mada mbili za kumfaa. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa umewahi kusoma makala za wazungumzaji watano katika orodha ile, mkutano ni wako. Ikiwa humjui hata mmoja, ama umekosea mkutano ama hujasoma vya kutosha.

Jihadhari pia na mikutano ya kitapeli. Dalili zake hazifichiki: barua pepe inayokusifu kwa makala ambayo huenda hata siyo yako, mada zinazoanzia meno hadi nyota, kamati isiyo na majina, na mwaliko wa kuwa "mzungumzaji mkuu" ambao mwalikwa ndiye anayeulipia. Mwandikie mmoja wa waliotajwa kwenye kamati umuulize kama anaujua mkutano huo. Mara nyingine yeye ndiye anayeshtuka kujiona pale.

Kalenda, kwa kuhesabu kurudi nyuma

Anza miezi tisa kabla. Kosa la kawaida ni kushika tarehe moja tu, ile ya kujisajili, wakati tarehe zenye uzito ziko nne: mwisho wa maombi ya ufadhili wa safari, mwisho wa ikisiri (muhtasari wa utafiti) zinazofikiriwa kwa mazungumzo, mwisho wa ikisiri za mabango, na mwisho wa ada ya chini. Ufadhili mara nyingi hufungwa mapema kuliko yote, na huhitaji barua ya msimamizi wako. Mpe msimamizi wiki tatu, pamoja na rasimu ya mambo ambayo ungependa ayataje.

Viza ndiyo huwaangusha wengi. Siku unayopokea jibu la kukubaliwa, omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo, na hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwa nchi za Schengen, ombi la kawaida hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Siku 15 zisikudanganye. Kinachochelewesha watu ni kupata miadi ya kupeleka maombi, kwa hiyo tafuta miadi kabla ya kufikiria tiketi. Waandikie waandaaji pia, uulize kama ada hurudishwa viza ikikataliwa, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi.

Ikisiri

Nafasi huwa maneno 250 hadi 300. Sentensi mbili za kwanza zitaje mshale unaojulikana na pengo lililopo. Ya tatu iwe swali. Nne zinazofuata ziwe matokeo yenye namba, na ya mwisho iseme matokeo hayo yanabadilisha nini. Basi.

Linganisha sentensi hizi mbili, zote za protini za kubuni (EGF tu ni halisi: ni kichocheo cha ukuaji wa seli). "Tulichunguza nafasi ya kinasi X katika ukuaji wa seli za saratani." Hapa msomaji hajaambiwa kitu. "Ndani ya dakika 5 za kupewa EGF, kinasi X ilipachika fosfeti kwenye serini ya 112 ya protini Y; seli zilizoondolewa jeni ya X hazikuonyesha badiliko hilo, na lilirejea jeni iliporudishwa." Ya pili ina muda, ina mahali (serini ni amino asidi, na 112 ni nafasi yake katika protini), ina jaribio la kuondoa na la kurudisha. Mchaguzi anayesoma ikisiri mia kwa siku huisimamisha kalamu hapo. Usiandike "matokeo yatajadiliwa". Wachaguzi huelewa kwamba matokeo hayapo.

Kichwa kiwe na kitenzi. "X huiamsha Y wakati seli ikikosa glukosi" ni kichwa. "Uhusiano kati ya X na Y" ni jina la sura ya kitabu.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, maliza mambo mawili. Kila aliyetajwa kama mwandishi awe ameridhia kwa maandishi, hata yule wa maabara rafiki aliyetoa panya tu. Na kama kuna chochote kinachoweza kupewa hataza, mfano molekuli mpya inayozuia kinasi, ongea kwanza na ofisi ya ugunduzi ya taasisi yako. Ikisiri iliyochapishwa ni utangazaji wa hadharani, na bango lililoonyeshwa kwa umma nalo huhesabiwa hivyo. Marekani humpa mgunduzi miezi 12 baada ya yeye mwenyewe kutangaza, lakini chini ya sheria ya hataza ya Ulaya ugunduzi uliokwisha kutangazwa huhesabiwa si mpya tena.

Bango

Usichore chochote kabla ya kusoma vipimo vya ubao. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189. Ukiilaza kwa upana kwenye ubao wa mita moja, sentimita kumi na tisa zitaning'inia juu ya jirani yako, naye hatafurahi. Mikutano mingi hutaka bango la wima, wasiposema, uliza.

Kichwa kisomeke kutoka mita tano: herufi za pointi 85 au zaidi. Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pointi 28. Maneno yote yasizidi 600, na yakiwa 400 ni vizuri zaidi. Picha za hadubini ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa ule zitakaochapishwa nao, si ule unaouona kwenye kioo cha kompyuta, na kila moja iwe na mstari wa kipimo. Nyekundu na kijani zisikae pamoja, kwani wanaume wengi kiasi hawazitofautishi. Tumia majenta na kijani. Hitimisho liweke juu, chini tu ya kichwa, maana chini kabisa huzibwa na miguu na mikoba.

Katikati weka mchoro mmoja wa njia ya ishara wenye mishale ya aina mbili, iliyokolea kwa ulichothibitisha wewe na hafifu kwa kilichothibitishwa na wengine. Mchoro huo peke yake huvuta watu kuliko grafu kumi.

Chapisha kwenye kitambaa ikiwezekana, kikunjwe ndani ya begi la mkononi. Bango la karatasi ndani ya mrija husahaulika kwenye rafu za ndege. Kwa vyovyote, beba faili la PDF kwenye simu na kwenye diski ndogo, pini kumi na gundi ya utepe. Msimbo wa QR unaopeleka watu kwenye bango lako ni mzuri, mradi uko tayari kuliona bango hilo likisambaa.

Andaa maelezo mawili ya mdomo: ya sekunde 60 na ya dakika 5. Mtu akisimama, usianze kuhutubia. Muulize anafanyia kazi nini, kisha uamue umpe lipi. Anayefanya kazi na kinasi ileile hahitaji kuelezwa kinasi ni nini.

Maswali yatakayokujia, na kwa nini

Hapa ndipo watu huumbuka, na sababu karibu kila mara ni bloti ya Western (jaribio linalotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzionyesha kama mistari kwa kingamwili). Kingamwili inayotambua protini yenye fosfeti huonyesha mstari, nawe unasema njia imewashwa. Mgeni wa bango ataangalia kama pembeni yake kuna mstari wa protini yote, yenye fosfeti na isiyo nayo. Bila huo, huenda kilichoongezeka ni protini, si fosfeti. Ataangalia alama za kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini): ERK1 na ERK2 hukaa 44 na 42, kwa hiyo mstari mnene mmoja kwenye 50 unahitaji maelezo. Ataangalia kama picha imekatwa hadi mstari umebaki peke yake kama kisiwa. Acha nafasi juu na chini, na bloti nzima uwe nayo kwenye simu.

Swali la pili ni muda. EGF huwasha ERK kwa kasi, na katika seli nyingi kilele huwa karibu na dakika ya 5. Anayepima saa 1 tu anaweza kukuta ishara imeshashuka akasema haikuwepo. Mfululizo wa dakika 0, 2, 5, 15, 30 na 60 hufunga mjadala. Na seli zilikaa bila seramu (majimaji ya damu yenye vichocheo) kwa muda gani kabla? Kama hazikukaa, dakika ya 0 yako tayari imewaka.

Tatu: umejuaje kwamba kingamwili inaona fosfeti hiyo na si kitu kingine? Jibu zuri ni sampuli iliyotiwa fosfatasi ya lambda, ambayo hubandua fosfeti zote, au seli zenye protini iliyobadilishwa serini kuwa alanini, ambayo haipachikiki fosfeti. Nne: n yako (idadi ya majaribio huru) ni ngapi, na ni n ya nini? Visima vitatu vya sahani moja siku moja ni jaribio moja. Majaribio matatu ya siku tatu tofauti ndiyo n=3. Wanaochanganya haya mawili ni wengi, wakiwemo wenye makala nyingi.

Kuna swali jingine ambalo huja kama msaada: "Mbona mistari yako ya fosfeti ni hafifu hivi?" Mara nyingi kosa limetokea wakati wa kupasua seli, kabla hata jeli haijamwagwa. Seli ikishapasuka, fosfatasi zake huachiwa na kuanza kubandua fosfeti. Ndiyo maana bafa (mmumunyo wa kupasulia seli) huwa baridi na huwa na vizuizi vyake: floridi ya sodiamu kwa fosfatasi za serini na threonini, orthovanadeti ya sodiamu, kwa kawaida milimola 1, kwa zile za tairosini. Orthovanadeti nayo ina visa. Ni lazima iandaliwe kwenye pH 10 na kuchemshwa hadi rangi ya manjano ipotee, la sivyo hubaki imejikusanya katika umbo lisilofanya kazi. Na EDTA au DTT, kemikali za kawaida kwenye bafa, huizima. Wengine huziba nafasi tupu za utando wa bloti kwa maziwa, wakisahau kwamba kaseini ya maziwa yenyewe imejaa fosfeti. Albumini ya seramu ya ng'ombe ni salama zaidi. Ukiyajua haya, mazungumzo ya bangoni hugeuka ushauri wa bure badala ya kesi.

Ukipewa kuzungumza

Mazungumzo mafupi huwa dakika 12 na maswali dakika 3. Slaidi zisizidi 12, uwiano 16:9, herufi zisipungue pointi 24. Kila slaidi ibebe wazo moja, na kichwa chake kiwe sentensi kamili. Faili lipelekwe kwa fundi wa ukumbi kikao kimoja kabla, sio wakati mwenyekiti anataja jina lako. Jaribu kila video, na uwe na nakala ya PDF. Fanya mazoezi kwa sauti mara tano ukipimwa muda. Ukimaliza mapema hakuna atakayelalamika. Swali likiulizwa, lirudie kwa maneno machache ili ukumbi usikie na wewe upate sekunde za kufikiri. Kama hujui, sema jaribio ambalo lingejibu.

Wiki mbili kabla: majina

Ukumbini watu hawatafsiri, na protini moja huitwa kwa majina matatu ndani ya saa moja. Tengeneza karatasi moja ya majina na uibebe. ERK1 ni MAPK3, na ERK2 ni MAPK1, si kinyume kama mpangilio wa namba unavyoweza kukudanganya. MEK1 ni MAP2K1. p38 alfa ni MAPK14. JNK1 ni MAPK8. AKT huitwa pia PKB. HER2 ni ERBB2. Ongeza zile za njia yako, na kando ya kila moja andika amino asidi zinazopachikwa fosfeti na maana yake: kwa AKT1 ni threonini ya 308 na serini ya 473, ya kwanza hupachikwa na kinasi ya PDK1, ya pili na changamani (kundi la protini) ya mTORC2. Kumbuka namba hizo huweza kuhama kati ya binadamu na panya, na hata kati ya matoleo mawili ya protini moja.

Kisha chagua wazungumzaji sita na usome makala moja ya karibuni ya kila mmoja, hasa michoro na mbinu. Waandikie wawili au watatu kati yao. Barua iwe ya mistari mitano: wewe ni nani, ni mchoro gani wa makala yao uliokugusa, swali lako moja, na ombi la dakika 15 wakati wa kahawa. Wasipojibu, usiandike tena. Watafute kwenye bango lako au lao.

Ndani ya ukumbi

Usijaribu kunakili slaidi. Gawa ukurasa sehemu mbili: kushoto chora mishale, kulia andika ushahidi. Mshale wa mstari mzima uwe kwa jambo lililoonyeshwa kwa protini zilizosafishwa ndani ya mrija na kuthibitishwa kwenye seli kwa kubadilisha ile amino asidi husika. Mshale wa vipande uwe kwa jambo lililotokea seli ilipopewa kizuizi au ilipoondolewa jeni, kwa maana hapo bado kunaweza kuwa na protini tatu katikati. Mshale wa nukta ni wa vitu vilivyopanda na kushuka pamoja tu. Kando ya kila mshale: aina ya seli, kichocheo na kiwango chake, muda, n. Jioni ukitazama ukurasa utashangaa ni mishale mingapi ya nukta iliyosemwa kwa sauti ya mstari mzima.

Masikio yako yasimame kwenye mambo machache. Kizuizi cha kinasi kilichotumika kwa mikromola 10: vizuizi vingi hushindana na ATP (molekuli ambayo kinasi huchukua fosfeti kwake), na mfuko wa ATP unafanana katika kinasi nyingi, kwa hiyo kwa kiwango hicho huenda kimegusa kinasi nyingine kadhaa. Dawa ya jambo hili ni vizuizi viwili vya maumbo tofauti, au kinasi iliyobadilishwa isizuilike. Seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizojazwa protini mbili zilizobandikwa vitambulisho: zikijazwa vya kutosha, protini zisizokutana kamwe kwa kawaida huweza kushikana. Serini iliyobadilishwa kuwa asidi ya aspati "kuiga" fosfeti: aspati ina chaji hasi moja wakati fosfeti hukaribia mbili, na protini za 14-3-3, ambazo hushika fosfeti kwa umbo lake, kwa kawaida haziikubali nakala hiyo. Umbo lililokokotolewa na AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri maumbo ya protini, bila jaribio la kuvunja mguso unaodaiwa nalo ni dhana, hata likipendeza.

Mshale huweza pia kugeuka kulingana na seli. Vizuizi vya RAF hushusha ERK katika seli zenye badiliko la V600E kwenye BRAF, moja ya protini za Raf, lakini mwaka 2010 ilichapishwa kwamba vizuizi hivyohivyo huipandisha ERK katika seli zenye BRAF ya kawaida na Ras iliyowaka. Kwa hiyo mzungumzaji akisema "kizuizi hiki huzima njia", kabla ya kuandika chochote andika aina ya seli.

Swali ukumbini liwe sentensi moja, mbili zikizidi. Taja jina na taasisi, uliza, kaa. Maswali yanayofaa karibu kila mada: Je, protini hizo mbili hugusana zikiwa peke yake mrijani? Je, hali ni hiyohiyo katika viwango vya asili vya protini? Jeni ikirudishwa bila uwezo wa kinasi, nini hutokea? Usimsahihishe mwanafunzi mbele ya watu mia mbili, mfuate bangoni.

Kwenye mabango usizunguke yote. Chagua manane kutoka kitabu cha ikisiri, manne ya njia yako na manne ya mbinu ambayo huna. Aliyeshika bango ndiye aliyeshika pipeti, na ndiye atakayekwambia kingamwili ipi ilikataa na kwa nini seli zilikufa siku ya tatu. Msimamizi wake mara nyingi hajui.

Siri na picha

Mengi utakayosikia hayajachapishwa. Gordon Research Conferences hukataza kupiga picha na kurekodi, na yanayosemwa huko huhesabiwa mazungumzo binafsi yasiyonukuliwa bila idhini. Kwingine mzungumzaji huweka alama ya kamera iliyokatwa kwenye slaidi. Pasipo na alama, uliza kabla ya kuinua simu, na uulize tena kabla ya kuweka chochote mtandaoni.

Wewe nawe uonyeshe kiasi gani? Kilicho tayari kwenye rasimu ya makala, onyesha chote. Woga wa kuibiwa huwagharimu wengi zaidi kuliko wizi wenyewe. Wazo la wiki mbili ambalo maabara kubwa ingelimaliza kwa mwezi, libaki nyumbani.

Kurudi maabara

Ndani ya saa 48, kabla mwandiko wako haujawa kitendawili hata kwako, geuza daftari liwe jedwali la safu nne: dai, ushahidi, aina ya mshale, na tunachobadilisha sisi. Safu ya mwisho ndiyo ya kuwasilisha kwenye kikao cha maabara. Wakati mwingine ina mambo matatu tu: kuachana na kingamwili fulani, kuongeza dakika ya 2 kwenye mfululizo, kununua kizuizi cha pili.

Barua za shukrani zitoke wiki hiyohiyo, kila moja ikitaja jambo mliloongea, na kama uliahidi itifaki, iambatanishwe. Ukiahidiwa plasmidi (DNA ya mviringo inayobeba jeni), omba makubaliano ya kuhamisha vifaa yapitie ofisi husika ya taasisi yako, au angalia kama tayari iko Addgene, hazina isiyo ya faida ambayo husambaza plasmidi za watafiti. Usipokee mirija mfukoni ukavuka nayo forodha.

DNA ya plasmidi mara nyingi hutumwa kwa bahasha, imekaushwa kwenye karatasi ya chujio ndani ya duara lililochorwa kwa penseli. Vaa glavu, kata duara kwa mkasi uliosafishwa, liweke kwenye mrija na maikrolita 50 hadi 100 za bafa ya TE (ya kuhifadhia DNA), liache dakika 10, zungusha kidogo, kisha tumia maikrolita 5 kuingiza kwenye bakteria. Tandaza kwenye sahani yenye antibiotiki aliyoitaja mtumaji. Kama hakutaja, muulize, usibahatishe. Chukua makoloni mawili na uyapeleke yasomwe mfuatano mzima wa jeni, pamoja na ile amino asidi iliyobadilishwa, kabla plasmidi haijagusa seli zako.